Kuskaniwa kwa barua pepe: maana yake ni nini?

Shangazi yangu anaishi Umoja. Mwezi uliopita tulimkatia tiketi ya ndege ya kwenda Mombasa harusini, ikatumwa kwa barua pepe yake. Kabla hajaifungua, kalenda ya simu yake ilikuwa imeshaandika safari nzima: tarehe, saa ya kuondoka, hata namba ya ndege. Akanipigia. "Mwanangu, mimi hiyo barua sijaisoma. Nani ameisoma?"

Aliyeisoma ni programu ya kampuni inayomtunzia barua zake, na kazi hiyo ndiyo huitwa kuskani. Neno lenyewe linachanganya kidogo. Ukilitaja pale River Road, mtu atafikiria ile mashine ya saiba ambayo unawekea kitambulisho na cheti cha KCSE ili vitumwe kwa mwajiri. Hapa maana ni nyingine: programu inapita katika barua yako neno kwa neno, pamoja na picha na faili ulizoambatisha, kisha inaamua jambo. Hii ni barua taka. Hii ina virusi. Hii ni tiketi, ipelekwe kwenye kalenda.

Hufanyika kwa sababu barua pepe haikai kwenye simu yako pekee. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni, na mara nyingi ufunguo wa kuifungua anao mwenye seva.

Sehemu ya kazi hiyo tunaihitaji, na ni haki kusema hivyo. Bila kuchujwa, kikasha chako kingejaa barua za urithi wa watu usiowajua na barua bandia zinazojifanya zimetoka KRA, zikikudai ubonyeze kiungo upesi kabla ya faini. Mashine haiwezi kukukinga na barua hizo bila kuzitazama. Vilevile, baadhi ya kampuni hulinganisha picha zinazopita kwao na orodha ya alama za picha zinazojulikana za unyanyasaji wa watoto. Mimi siwezi kulalamikia hilo.

Tatizo huanza pale kusudi linapobadilika. Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004, ilimpa kila mtumiaji nafasi ya gigabaiti 1 bila malipo, na wakati huo nafasi hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi. Bei yake ilikuwa kwingine: programu ilisoma maneno ya barua ili kuchagua matangazo ya kukuonyesha. Ukiandikiana na dada yako kuhusu maumivu ya mgongo, kando ya barua pangeweza kutokea tangazo la dawa. Ilikuwa hivyo hadi mwaka 2017, Google ilipotangaza kwamba itaacha kutumia yaliyomo kwenye barua kuchagulia watu matangazo. Kuskani kwenyewe hakukukoma. Kulibaki kwa ajili ya barua taka, usalama na huduma kama ile iliyomshtua shangazi.

Kusudi la tatu ni zito zaidi. Mwaka 2016 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba mwaka uliotangulia Yahoo ilikuwa imetengeneza programu ya kupekua barua zote zinazoingia kwa wateja wake, kwa agizo la serikali ya Marekani. Hazikuwa barua za washukiwa wachache. Zilikuwa barua za kila mteja. Yahoo ilisema habari hiyo inapotosha, lakini swali ambalo wengi walikuwa wakijiuliza tangu mwaka 2013, Edward Snowden alipofichua jinsi majasusi wa Marekani wanavyofuatilia mawasiliano ya watu, lilipata uzito mpya: mlango uliojengwa kwa ajili ya kuchuja taka, nani mwingine anaweza kuupitia?

Niliposoma shule ya bweni, barua zote zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Kutoka nyumbani hadi shuleni zilisafiri salama, ndani ya gunia la Posta lililofungwa. Zikifika ofisini, mwalimu wa zamu alizifungua, akazisoma, ndipo akatugawia wakati wa paredi. Hivyo ndivyo barua pepe nyingi zinavyolindwa leo. Njiani zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa herufi zisizosomeka bila ufunguo, na mtu anayenusa Wi-Fi ya mkahawani mjini haambulii kitu. Zikifika kwa kampuni, gunia linafunguliwa.

Ulinzi mwingine huitwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Hapo barua inafungwa kwenye kifaa cha mwandishi na kufunguliwa kwenye kifaa cha mpokeaji pekee. Kampuni iliyo katikati inabeba bahasha ambayo haiwezi kuifungua. Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP kwa kazi hiyo tangu 1991, na Proton Mail ya Uswisi imeirahisisha kwa mtu wa kawaida tangu 2014. Ila angalia: ukiwa na anwani ya Proton na ukamwandikia mwenye Gmail kwa njia ya kawaida, nakala ya barua yako inakaa kwa Google vilevile. Na kwa PGP, kichwa cha barua pamoja na majina ya mwandishi na mwandikiwa kwa kawaida huonekana.

Watu wengi huniambia, "Mimi sina cha kuficha." Nami hukumbuka zile barua za shule. Sikuwa na siri yoyote ya kutisha. Lakini kwa kuwa nilijua mwalimu anasoma, sikuwahi kumwandikia mama kwamba nalia usiku au kwamba chakula hakitoshi. Aliniuliza likizoni mbona kila barua yangu inasema niko salama na masomo yanaendelea vizuri. Siri ni jambo unalolificha. Faragha ni nafasi ya kusema na mtu wako bila mwingine kusikiliza, hata kama mnazungumzia bei ya sukuma wiki.

Kenya inaitambua nafasi hiyo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumiwaje na kupinga matumizi hayo. Inazigusa pia kampuni zilizo nje ya nchi zinazoshughulikia data za watu walio Kenya. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data.

Kwenye akaunti yako, anza na orodha ya programu za nje ulizoziruhusu kusoma barua zako. Wengi tulibonyeza "kubali" miaka iliyopita tukasahau. Kwenye saiba, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Barua za binafsi usizitume kwa anwani ya kazini, kwani hapo mwenye nyumba ni mwajiri.

Shangazi alinipa simu tukaingia kwenye mipangilio pamoja. Chujio la barua taka tuliliacha. Vipengele mahiri, vile vilivyopeleka tiketi kwenye kalenda, tulivizima, na safari ya kurudi akaiandika mwenyewe kwa kalamu, kwenye kalenda ya kanisa iliyo ukutani jikoni.