Maneno ya kizamani kwenye mikataba ya Kiingereza, na yale yanayouma kweli

Kazi yangu ni kutafsiri mikataba kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, mingi ya pango, ya mikopo na ya kuuziana viwanja, na karibu kila mteja anaanza kwa kunionyesha hereinafter, whereof au witnesseth, anauliza hili ndo neno gani sasa. Watu wanayaogopa sana haya wakati ndo rahisi kuliko yote. Here ni hati hii uliyoshika, there ni kitu kilichotajwa juu, where ni "ambacho", basi. Hereto ni kwa mkataba huu, thereof ni ya hicho kilichotajwa, hereinafter ni kuanzia hapa kwenda mbele. Na ile -eth ya witnesseth, yaani "unashuhudia", ni mkia wa kitenzi wa zamani, siku hizi wanaweka -s, ndo ileile iliyojaa kwenye Biblia ya King James ya 1611. Nikipewa uhuru neno hilo nalitoa na mkataba unabaki vilevile.

Jamani, yanayouma ni yale ambayo kila aliyefika form four anadhani anayajua.

Chukua demise. Kwenye gazeti ni kifo, ila kwenye mkataba wa pango ukikuta "the Landlord hereby demises the premises" maana yake mwenye nyumba anapangisha. Neno limetoka kwenye Kifaransa cha wanasheria wa Uingereza ya zamani, lilikuwa la kuhamisha ardhi au mali kwenda kwa mtu mwingine, maana ya kifo imekuja baadaye kwa sababu mfalme akifa na ufalme nao unahama.

Halafu kuna quiet enjoyment, hapo wapangaji wengi wanadhani wanakatazwa kupiga muziki, kumbe hiyo ni ahadi ya mwenye nyumba kwako wewe, kwamba utakaa kwenye nyumba yake bila yeye au watu wake kukuingilia. Enjoy ya kisheria ni kuwa na haki na kuitumia. Ukiona kifungu hicho hakipo, uliza kwa nini.

Ila linalonitia hofu zaidi ni determine. "The Landlord may determine this lease" mtu anasoma kwamba mwenye nyumba ataamua mambo ya mkataba, anasaini. Hapana! Ni kuukomesha, yaani anaweza kukutoa, na kwa kawaida siku za notisi zimeandikwa kwenye sentensi hiyohiyo ambayo umeipita haraka. Execute nayo, kwenye hati ni kusaini kwa utaratibu unaotakiwa, wengi wanasoma "kutekeleza" na wanachanganya tarehe ya kusaini na ya kuanza kazi.

Kwa nini yamebaki? Mwaka 1362 Uingereza ilipitisha sheria kesi zisemwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, lakini kumbukumbu za mahakama ziliendelea kwa Kilatini mpaka 1733, kwa hiyo wanasheria walishazoea maneno ya kigeni wakayabeba tu. Na kuna sababu ya maana pia, quiet enjoyment imeshaamuliwa kwenye kesi nyingi, wakili akibadilisha maneno anaanza upya kubishana maana yake nini, hapo namwelewa kabisa. Kwa witnesseth simwelewi. Wenyewe Waingereza 1999 waliacha plaintiff, yaani mdai anayefungua kesi, wakaweka claimant, na Marekani 2007 waliondoa shall, ile ya kusema "lazima", kwenye kanuni za mashauri ya madai ya mahakama zao za shirikisho, sisi Kenya na Tanzania plaintiff bado tunae.

Ukipewa mkataba kabla hujasaini tafuta determine kwanza, pigia mstari, soma hizo siku za notisi na nani amepewa haki ya kukomesha, kama ni mwenye nyumba peke yake mwambie wakili aandike na wewe uwe nayo.