Newton isirudi, supu yake irudi

Apple ilisitisha Newton, kompyuta yake ndogo ya mkononi, tarehe 27 Februari 1998, na tangu hapo swali la kama inapaswa kuifufua halijapoa. Mara nyingi anayeuliza ana picha moja kichwani: kifaa cha kushika mkononi, kalamu, na mwandiko unaogeuka kuwa herufi za chapa. Kama ni hicho tu, kimesharudi. iPad inasoma mwandiko wa kalamu ndani ya kisanduku chochote cha kuandikia tangu iPadOS 14 ya mwaka 2020. Mwili wa Newton hauna deni kwa mtu.

Ninachokidai ni kilichokuwa ndani yake: namna yake ya kuhifadhi data, iliyoitwa supu. Lakini kwanza tuelewane kuhusu kilichoiua, maana hapo ndipo mjadala huu unapopotea njia.

Si mwandiko peke yake

MessagePad ya kwanza, kifaa kilichobeba mfumo wa Newton, iliingia sokoni Agosti 1993 ikiwa na prosesa ya ARM 610 ya megahezi 20, kumbukumbu ya kilobaiti 640 na skrini ya nukta 336 kwa 240. Kitambuzi chake cha mwandiko kilitoka kampuni ya ParaGraph, na kilisoma neno zima kisha kulitafutia mwenzake kwenye kamusi. Hapo ndipo vichekesho vilipoanzia. Ukiandika jina ambalo kamusi haina, mashine haikuachii herufi zako. Inakupa neno lake, limeandikwa bila kosa hata moja, ila silo. Herufi moja ikikosewa mtu husamehe. Neno zima likigeuka, anaona mashine imerukwa na akili.

Newton OS 2.0, toleo jipya la mfumo endeshi wake, ilileta kitambuzi cha Apple yenyewe kwa herufi zisizoungana. Kilitumia mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, kupima herufi mojamoja, na kamusi ikawa mshauri badala ya hakimu. Kilikuwa kizuri kweli. Tatizo ni kwamba Machi 1996 ilikuja Pilot, kifaa cha mkononi cha Palm: dola 299, gramu 160 hivi, betri mbili za AAA na kitufe kimoja cha kulinganisha data na kompyuta ya mezani. MessagePad 2000 ya mwaka 1997 iliishinda kwa kila kipimo cha kiufundi, ikiwa na prosesa ya StrongARM ya megahezi 162 na skrini ya 480 kwa 320. Ila ilikuwa na uzito wa gramu 640 na bei ya karibu dola 1,000. Haikuingia mfuko wa shati.

Na kumbuka, Pilot haikusoma mwandiko wako kabisa. Ilikulazimisha ujifunze herufi zake, Graffiti, na watu wakajifunza bila kinyongo. Kwa hiyo nikisikia kwamba mwandiko ndio ulioiua Newton, sikubali. Ni ukubwa, bei, na kazi ngumu ya kuiunganisha na kompyuta.

Kwa nini msimbo wa zamani haufai kuamshwa hivihivi

Wapo wanaosema Apple ichukue programu ileile na kuiweka kwenye chipu ya leo, kwa kuwa zote ni ARM. Tazama saa yake kwanza. Newton huhesabu sekunde kuanzia saa sita usiku wa tarehe 1 Januari 1993. NewtonScript, lugha iliyoandikiwa programu zake, huweka kila thamani kwenye kifungu cha biti 32, lakini biti mbili kati ya hizo ni alama ya kuonyesha kama thamani ni namba au ni anwani ya kitu kingine. Namba inabakiwa na biti 30, na moja ni ya kutofautisha chanya na hasi. Kikomo chake ni 536,870,911. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku, unapata siku 6,213 na saa kama 18 na dakika 48. Hiyo ni jioni ya tarehe 5 Januari 2010. Sekunde iliyofuata namba iligeuka hasi, na kila programu iliyotegemea sekunde hizo ikapotea. Waliotoa kiraka, yaani marekebisho ya programu, si Apple; ni wapenzi wa kifaa, akiwemo Eckhart Köppen.

Kosa hilo halikuwa uzembe. Alama za biti mbili ndizo zilizoifanya lugha hiyo iwe nyepesi kwenye kilobaiti 640. Lakini mfumo wote umejengwa kwa ubahili wa namna hiyo.

Supu

Newton haikuwa na mafaili wala kitufe cha kuhifadhi. Data ilikaa kwenye hifadhi ambazo wahandisi wake waliziita supu: supu ya majina, supu ya kalenda, supu ya maandishi. Ndani ya supu kuna rekodi, na kila rekodi ni kundi la nafasi zenye majina: jina, simu, anwani. Programu ngeni ikitaka kuongeza kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa, inachomeka nafasi yake kwenye rekodi ileile ya mtu yuleyule. Programu ya majina ikikutana na nafasi isiyoijua, inaiacha kama ilivyo. Ili nafasi mbili zisigongane kwa jina, kila mtengenezaji alisajili sahihi yake, yaani kitambulisho chake, Apple na kuiambatisha kwenye majina aliyoyatunga.

Ukichomeka kadi ya kumbukumbu, supu yake inaungana na ya ndani na orodha inakuwa moja. Ukiichomoa, rekodi zake zinaondoka kwenye orodha bila fujo. Isipokuwa ukichomoa wakati rekodi bado imefunguliwa, maana Newton huleta rekodi kutoka kwenye kadi pale tu inapoguswa. Hapo mashine inakudai uirudishe kadi, na haikuachii mpaka ufanye hivyo.

Faida yake ilionekana kwenye kitufe cha Assist. Unaandika kwa Kiingereza kwamba utakula chakula cha mchana na mtu fulani Jumanne, unagusa kitufe, na fomu ya kalenda inafunguka ikiwa imejazwa siku, saa na mtu aliyetolewa kwenye supu ya majina. Hakuna intaneti, hakuna seva. Iliwezekana kwa sababu data yote ilikaa chungu kimoja. Wasaidizi wa simu za leo wana akili nyingi zaidi, lakini kila programu imejizungushia ukuta wake, na msaidizi lazima abishe hodi mlango kwa mlango.

Irudi, ila si kama ilivyokuwa

Supu za Newton zilikuwa wazi kwa programu yoyote. Mwaka 1993 hilo lilivumilika. Leo ni kumkabidhi mwizi kitabu chako cha simu. Kwa hiyo ruhusa itolewe kwa nafasi, si kwa supu nzima: programu ya siku za kuzaliwa ione jina na tarehe, simu isiione.

La pili ni kulinganisha vifaa viwili. Newton iliweka kwenye kila rekodi namba yake ya pekee na muda wa badiliko la mwisho, muda mmoja kwa rekodi nzima. Ukibadilisha simu kwenye kifaa kimoja na anwani kwenye kingine, aliyeandika mwisho anamfuta mwenzake. Muda uwekwe kwa kila nafasi. Hifadhi itakula zaidi, na leo hiyo si hoja.

Hayo ni mabadiliko ya mfumo endeshi. Hayahitaji kiwanda wala skrini mpya.

Anayetaka kuiona supu kwa macho anaweza kutumia Einstein, kiigizaji (programu inayoiga Newton kwenye kompyuta) kilichoanzishwa na Paul Guyot, lakini kinahitaji nakala ya ROM, yaani kumbukumbu ya kudumu yenye mfumo wa Newton, ya kifaa chenyewe. Mwenye MessagePad 2000 au 2100 aanze na betri. Pakiti ya kuchaji ina seli nne za NiMH za ukubwa wa AA, na za zamani zimeshakufa. Nunua seli zenye vibati vya kulehemu, kwa sababu joto la kulehemu moja kwa moja kwenye seli huharibu muhuri wake. Kihisi joto kirudi palepale kikigusa seli, la sivyo chaja haitajua pa kukoma. Ukiona kazi hiyo ni nyingi, tumia kishikio cha betri nne za kawaida. Kwa eMate 300, Newton yenye kibodi na mfuniko wa skrini, usiifungue na kuifunga mara nyingi kabla ya kukagua bawaba: springi yake huteleza ikatoboa waya bapa wa skrini.

Ikishawaka, andika maandishi mawili, moja kwenye hifadhi ya ndani na jingine kwenye kadi. Funga yote, chomoa kadi, tazama orodha. Irudishe, tazama tena.