Kidonda cheusi kisichouma si cha kupuuza

Wapo bakteria wa Gram chanya (kundi linaloonekana zambarau likipakwa rangi ya maabara) wasiotajwa sana, na sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe, tunaofuga, kuchinja na kulima, tunaishi nao karibu. Inauma mtu kupoteza maisha kwa sababu ya bakteria anayetibika.

Zipo dhana potofu kuwahusu, na ya kwanza ndiyo inayonisumbua zaidi: kwamba kibudu ukikichemsha sana hakina neno. Kama ng'ombe amekufa kwa kimeta (anthrax), ugonjwa unaoletwa na mmoja wa bakteria hao, hatari huanza kisu kinapopasua ngozi. Bakteria wakikutana na hewa hujigeuza mbegu ngumu zinazohimili joto na kukaa ardhini miaka mingi. Mchinjaji mwenye mchubuko mkononi anaweza kuambukizwa kabla nyama haijafika jikoni. Mnyama akifa ghafla, akatokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au sehemu ya haja, asichunwe wala asipasuliwe. Aitwe afisa mifugo, mzoga uchomwe au uzikwe kwenye shimo refu.

Kisha husemwa kuwa kidonda kisichouma kitapona chenyewe, au kwamba mtu karogwa. Kimeta cha ngozi huanza kama kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, halafu katikati panabaki gamba jeusi kama mkaa. Pembeni pamevimba, na mwenyewe hasikii maumivu! Kikiachwa, bakteria wanaweza kuingia kwenye damu na kuua. Kikiwahiwa, doksisaiklini au siprofloksasini hukitibu. Wala msimtenge mgonjwa. Ni nadra sana kuambukiza mtu mwingine.

Muuza kitimoto akivimba kidole, watu hutaka kukitumbua kama jipu. Kama ni Erysipelothrix, bakteria wa nguruwe na samaki, kwa kawaida hakuna usaha wa kutoa: kidole huwa cha zambarau, na maumivu ni makali kuliko kinavyoonekana. Penisilini humaliza kazi. Vankomaisini, dawa nzito ya hospitali, haimwezi. Kwa hiyo mwambie daktari unachinja au unauza nyama gani.

Na si kila kikohozi kisichoisha ni TB. Kupima TB ni lazima, lakini kwa mwenye kinga dhaifu, Nocardia, bakteria wa udongoni, huweza kufanana nayo kwenye eksirei, na tiba yake ni nyingine, mara nyingi kotrimoksazoli kwa miezi kadhaa. Vipimo vya TB vikirudi safi na kikohozi kikiendelea, omba makohozi yaoteshwe maabara, na yasitupwe mapema: Nocardia huota polepole.