Umenunua Nywele, Umepata Mwindaji

Mtu akiniletea mbwa wa Kiafghani kwa mara ya kwanza, swali lake huwa ni shampuu gani atumie. Mimi humuuliza uzio wa nyumba yake una kimo gani. Hunitazama kama sijamsikia. Kazi yangu ni kuosha na kuchana mbwa huku kaskazini mwa Uingereza, na kati ya wote wanaopanda mezani kwangu sijaona anayedhaniwa sivyo kuliko huyu. Watu humwona pichani, nywele za hariri zimeshuka hadi sakafuni, pua ndefu imeinuliwa kama bibi harusi aliyechukizwa na mahari, wakaamua kwamba ni pambo la sebuleni.

Kwao Afghanistan anaitwa tazi. Wachungaji, wahamaji na makhani (wakuu wa makabila) walimfuga kwa ajili ya kukimbiza sungura, mbweha na swala, kwenye nyanda kavu na kwenye milima yenye mawe. Mpapase mgongoni utaiona kazi hiyo: mifupa ya nyonga imechomoza na kuachana kwa upana, na nyayo ni kubwa kupita unavyotarajia kwa mbwa mwembamba wa kilo ishirini na kitu, tena zimefunikwa nywele hadi vidoleni. Greihaundi, yule mbwa wa mashindano ya mbio, atamshinda kwenye uwanja tambarare. Mwafghani yeye anageuka ghafla akiwa mbioni, anaruka jabali, anatua, anaendelea.

Kuna ngano kwamba Nabii Nuhu alipanda naye safinani. Mimi hunipa kicheko, ila ukale wake si porojo tupu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya aina 85 za mbwa, na Mwafghani akaangukia katika kundi dogo la aina zilizo karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu, pamoja na saluki wa Uarabuni na basenji wa Kongo.

Huku Uingereza alianza kupata umaarufu mwaka 1907, Kapteni John Barff alipomleta dume aitwaye Zardin na kumwingiza kwenye maonyesho ya Crystal Palace, London. Zardin alishinda, Malkia Alexandra akataka kumwona, na kwa miaka mingi kila aliyetaka kueleza Mwafghani mzuri yukoje alimwelezea Zardin. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, mbwa hao wakapotea karibu wote.

Walioanza upya walikuja kwa njia mbili, na hapo ndipo nywele zilipoanza kuleta ugomvi. Mwaka 1920 Meja Bell-Murray na Bi Jean Manson walileta Scotland mbwa kutoka upande wa Baluchistan, eneo kame linalopakana na Afghanistan kusini: warefu, wepesi, nywele haba, mbwa wa jangwani hasa. Mwaka 1925 Bi Mary Amps, aliyeishi Kabul, akarudi na wake aliowaita wa Ghazni, jina la mji wa Afghanistan: wafupi kidogo, wameshikana mwili, nywele tele za milimani. Dume lake Sirdar of Ghazni limo katika nasaba za Waafghani wengi mno wa leo. Kambi hizo mbili zilibishana kwa miaka nani ndiye halisi. Kwa maoni yangu wote walikuwa halisi, maana nchi yenyewe ina jangwa na ina theluji. Lakini majaji walipendezwa na nywele, na kizazi baada ya kizazi zikaongezwa. Marekani kizazi cha mwanzo kilichoshika mizizi kilitokana na jozi aliyoinunua Zeppo Marx, mmoja wa ndugu wachekeshaji wa filamu, Marx Brothers, mwaka 1931. Mwaka 1957 Shirkhan of Grandeur alitwaa taji kuu la maonyesho ya Westminster, New York, na kufikia miaka ya 1970 kila mwenye kutaka kuonekana wa kisasa alimtaka Mwafghani. Wengi waliwachoka ndani ya mwaka. Ukiwa na dakika ishirini za kuchana kwa wiki, usianze.

Sasa tabia. Mwanasaikolojia Stanley Coren wa Canada mwaka 1994 alipanga aina za mbwa kwa utii wa kujifunza amri, na Mwafghani akashika mkia, wa mwisho kabisa. Tangu hapo ni "mbwa mjinga". Mimi nakataa. Mbwa wa kuchunga kondoo alichaguliwa kwa karne nyingi amtazame bwana wake na kungoja ishara. Tazi alichaguliwa aone mnyama kwa mbali, ampoteze bwana wake nyuma ya mlima, na aamue peke yake wapi pa kukata njia. Ukimwita naye akakutazama kisha akageuza kichwa, amri ameielewa, hajaona sababu.

Macho yenyewe ndiyo ufunguo. Mbwa wenye pua ndefu chembe zao za kuonea hujipanga kwenye mstari wa mlalo nyuma ya jicho, hivyo chochote kinachopita kwenye upeo wa macho hukidaka. Wiki iliyopita nilikuwa namkausha jike mmoja mtulivu, amelala ubavu, draya inapuliza, amesinzia kabisa. Ng'ambo ya barabara njiwa akashuka juu ya paa. Kichwa hakikuinuka. Kwanza ngozi ya shingo ilikaza chini ya kiganja changu, kisha masikio yakarudi nyuma, pumzi ikasimama. Nilishusha pazia. Angekuwa nje bila kamba, asingenisikia hata ningepiga baragumu. Mbwa huyu hupita kilomita 50 kwa saa, na barabara za huku zina malori. Kwa hiyo uzio uzidi kimo chako, na kamba isifunguliwe mahali pasipozungushiwa. Paka wa nyumbani anaweza kuzoeana naye. Paka wa jirani akitimua mbio ni habari nyingine.

Ndani ya nyumba ni mpole, kimya, hana haraka ya kusuhubiana na mgeni. Usimkaripie kwa sauti kubwa: ananuna, na kinyongo chake kinadumu. Shangazi yangu Tanga, ambaye mpaka leo hajaikubali kazi hii na kila tukiongea huniuliza kama nimeosha mikono mara saba, alipoelezwa tabia hizo alisema, "Huyo mbwa ana adabu kuliko wajukuu zangu." Nikamkumbusha aya ya nne ya Surat al-Maida, inayohalalisha windo la mnyama aliyefunzwa kuwinda. Akasema windo sawa, ila kitandani asipande. Nikamwacha na lake.

Tuje kwenye nywele zenyewe. Kosa kubwa ninaloliona ni kuchana zikiwa kavu. Zinakatika katikati na zile zilizokatika ndizo husokota fundo linalofuata. Changanya kondishena kidogo na maji kwenye chupa ya kupuliza, lowesha kidogo eneo unaloshughulikia, kisha anzia nyayoni ukipanda juu, tabaka kwa tabaka, ukiona ngozi kwenye kila mstari. Tumia brashi ya sindano ndefu zisizo na vichwa, halafu kitana cha chuma kuhakiki. Fundo litenganishe kwa vidole kabla ya kuoga, kwa sababu maji hulikaza likawa kama limeshonwa. Mafundo hujificha kwapani, nyuma ya masikio, kinenani na chini ya ukosi. Kuoga ni kila wiki au siku kumi, na shampuu isuuzwe hadi maji yatoke meupe. Akila, mvishe mfuko wa kitambaa wenye lastiki kichwani. Masikio yake yanafika kwenye bakuli kabla ya mdomo.

Mgongoni usiguse. Pale katikati nywele fupi hujitokeza zenyewe mbwa anapokomaa, na anayezinyoa kwa mashine ili zionekane fupi mapema anaharibu alama kuu ya aina hii. Kipindi kigumu ni cha mpito, nywele za utotoni zinapopisha za ukubwani, mara nyingi kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu. Hapo utachana usiku, asubuhi ukute fundo jipya. Wengi hukata tamaa wakati huo, na mbwa huishia kwenye vituo vya uokoaji.

Kuna jambo moja la daktari ambalo mwenye Mwafghani inampasa alijue kuliko la shampuu. Mbwa wa jamii hii, wa mbio wanaowinda kwa macho, wana mafuta kidogo mwilini, na baadhi ya dawa za usingizi za jamii ya thiopentali hukawia kutoka katika damu yao, hivyo huweza kuchukua muda mrefu mno kuzinduka. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino, mkumbushe daktari kwamba mgonjwa ni mbwa wa mbio. Vilevile kiwango chao cha kawaida cha homoni ya tezi ya shingo kiko chini kuliko cha mbwa wengine, na wapo wanaoanzishiwa vidonge vya maisha bila ugonjwa. Kifua chake kirefu humweka kwenye hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda: akihangaika, anataka kutapika na hakitoki kitu, tumbo limevimba, usingoje kupambazuke. Hapo ni saa chache tu.

Wasomaji wa Dar na Mombasa huniuliza kama anafugika Pwani. Joto kavu analimudu. Unyevu ndio adui, maana nywele zikikaa mbichi ngozi inashika ukungu, na kupe wa kahawia, anayeeneza elikiosisi (ugonjwa wa damu wa mbwa), ndani ya msitu huo wa nywele humwoni mpaka ameshanywa damu. Arusha, Nakuru, hapo sawa. Ukiwa Pwani na umeshampata, mnyoe miguu na ubavu vibaki vifupi, mpake dawa ya kupe kwa ratiba, mtembeze kabla ya jua kupanda. Majaji wa maonyesho watakasirika. Mbwa mwenyewe hatajali. Atakuwa anamtazama kuku wa jirani.