Twining, vibali na Mwalimu

Wanafunzi wangu huniuliza swali hilohilo kila mwaka: kwa nini Gavana Edward Twining hakumtupa Mwalimu Nyerere gerezani mapema, kama wenzake wa Nairobi walivyomkamata Kenyatta Oktoba 1952? Kwanza, Tanganyika haikuwa koloni kamili. Ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wajumbe wake walikuja kukagua. Pili, TANU ilikataa fujo. Utamfunga mtu kwa kuhutubia?

Basi serikali ikapigana kwa karatasi. Watumishi wake walikatazwa kwa waraka kujiunga na siasa, na hapo TANU ikawakosa makarani na walimu, wasomi wenyewe. Tawi la chama lilipaswa kusajiliwa, mkutano wa hadhara uombewe kibali. Umati wa Mnazi Mmoja ulitegemea sahihi ya ofisa mmoja.

Mwaka 1957 ndio unaonichekesha. Twining alimpiga Mwalimu marufuku kuhutubia hadharani, kisha mwaka huohuo akamteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Unamziba mtu mdomo uwanjani, unampa kiti aseme ukumbini! Alikaa miezi michache, akajiuzulu Desemba.

Huku nyuma, mwaka 1956, gavana alikuwa amebariki chama cha UTP, cha Wazungu, Waasia na Waafrika pamoja. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa lake kubwa kuliko marufuku zote. Marufuku inaonyesha hofu tu. Kuunda chama cha kushindana na TANU ni kukiri kwamba wananchi wana maoni, halafu kuyakosea. UTP ilitetea mgawo huu: barazani Wazungu elfu ishirini na kitu walikuwa na viti 10, sawasawa na Waafrika wapatao milioni nane. Nani angeuza hesabu hiyo Kariakoo?

Kisha ikaja kesi ya 1958. Katika Sauti ya TANU, karatasi iliyorudufiwa tu, Mwalimu aliwashutumu mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya. Akashtakiwa kwa kashfa hapa Dar es Salaam, akatetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, akatiwa hatiani: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotaka aende jela awe shujaa. Alilipa.

Nadhani alimsoma vizuri Richard Turnbull, gavana mpya aliyewasili Julai mwaka huo akitokea Kenya, alikoona kwa macho yake Dharura, hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Jela ingempa Turnbull ghasia asizozitaka, na ingewakosesha TANU kiongozi wao uchaguzi ukiwa mlangoni. Septemba wagombea walioungwa mkono na TANU wakazoa viti, UTP ikatoka mikono mitupu. Oktoba Turnbull akasimama barazani, akatamka wazi kwamba Tanganyika ikijitawala, baraza na serikali vitakuwa na Waafrika wengi.