Kipa wa miaka 30 bado hajazeeka

Kipa akitimiza miaka 30 na kufungwa bao rahisi, jukwaani utasikia: "Huyu mzee, apumzike." Kipimo hicho tumekitoa kwa mawinga, na kwa kipa kinakosea.

Winga anaishi kwa mbio. Kipa anaishi kwa kusoma mchezo: asimame wapi krosi ikipigwa, atoke lini, amwite beki gani kabla hatari haijafika. Mambo hayo hujengwa kwa mechi nyingi, na mechi zenyewe huchelewa kuja. Nafasi langoni ni moja tu, kwa hiyo kijana anaweza kukaa benchi miaka mitatu akimsubiri mkubwa wake.

Dino Zoff alikuwa nahodha wa Italia ilipotwaa Kombe la Dunia 1982, akiwa na miaka 40. Robert Kidiaba, yule wa Lubumbashi aliyeshangilia kwa kurukaruka kwa makalio, alikuwa na 39 DR Kongo iliposhika nafasi ya tatu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2015. Na Essam El-Hadary wa Misri, kwenye Kombe la Dunia 2018 dhidi ya Saudi Arabia kule Volgograd, Urusi, aliruka akaupangua mkwaju wa penalti, mpira ukagonga mwamba. Alikuwa na miaka 45!

Mwili huchoka, ni kweli. Magoti huuma, kunyanyuka baada ya kudaka chini huwa kugumu. Basi tumpime kipa kwa hayo, tumwangalie anavyotoka kwenye kona na anavyonyanyuka, kabla ya kuuliza alizaliwa lini.