Ndoo mbili na nusu haziui mto

Kila kiangazi, mto Lukuledi huku kusini ukishaanza kukonda, lawama zinawaangukia kina mama wanaochota bondeni, eti ndo wanaoumaliza mto. Jamani hapana. Mtaalamu Peter Gleick alipiga hesabu mwaka 1996, mtu mmoja kwa siku anahitaji kama lita 50, yaani 5 za kunywa, 20 za choo na usafi, 15 za kuoga na 10 za kupikia, ukipima kwa ndoo kubwa ni mbili na nusu tu. Sera yetu ya maji ya 2002 kwa vijijini ilisema angalau lita 25, tena kituo kisizidi mita 400 toka nyumbani, na wapo ambao hata hizo hawazipati. Sasa chukua kijiji cha watu 2,000, wote wapate 50 kamili, ni lita laki moja kwa siku, na kilo moja ya mpunga inakunywa zaidi ya lita 1,000 mpaka ivunwe, kwahiyo maji ya kijiji kizima hayatoi hata kilo 100. Sisemi mpunga usilimwe, Kitere watu wanakula kwa huo huo, nasema tujue nani anakunywa nini.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, imeshapanga foleni: kwanza matumizi ya nyumbani, pili maji ya mto wenyewe na viumbe vyake, ndo waje wakulima na viwanda. Hiyo ya pili watu wanaiona kama anasa. Lakini kiangazi mto ukikatika yanabaki yale madimbwi, kambale na perege wanajibana humo kusubiri mvua, halafu anakuja mtu na pampu ya petroli analikausha dimbwi usiku mmoja kwa ajili ya nyanya, mwakani mnaulizana samaki wameenda wapi.

Huku pwani shida ni nyingine. Chini ya ardhi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari, na kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Kwahiyo ukivuta sana kwa mota ukashusha kina kwa mita moja tu, chumvi taratibu inapanda kuziba hizo 40. Sasa mtu akionja chumvi anafanya nini? Anaongeza kuchimba! Hapo ndo anaifuata bahari yenyewe. Pwani kisima kiwe kifupi, kipana, uvute kidogo kidogo kutwa nzima, sio kujaza matenki yote asubuhi kwa mpigo.

Juu Newala na Tandahimba mchanga unameza mvua yote, maji ya bomba yanasukumwa toka bondeni Mitema, na kupandisha ule mlima ni gharama. Ndo maana nawasifu wenye mashimo ya simenti uani. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, kwahiyo bati la mita za mraba 40 na mvua ya milimita 900, toa yanayopotea, unabaki na kama lita 29,000, familia ya watu watano kwa lita 25 kila mmoja wanakwenda miezi saba na ushee, ilimradi shimo liwe la kutosha. Ila mvua ya kwanza iache ioshe bati, salfa, ile dawa ya mikorosho, huwa imetua huko juu.

Na hayo mabomba ya kupulizia dawa msisuuzie mtoni wala kisimani, suuza hukohuko shambani maji umwagie mikorosho. Bustani nazo, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka kingo za mto, najua kwenye bonde jembamba inauma, basi angalau msikate miti na matete yanayoshika udongo. Mwenye pampu ya kumwagilia anatakiwa awe na kibali cha kutumia maji, ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ipo Mtwara mjini, njoo kabla hujanunua hiyo pampu.